Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: chakula rahisi cha nyumbani ukiwa na watoto wadogo, hapa Dodoma

Haya maswali nimeulizwa mara nyingi mpaka nikaona bora niyaandike sehemu moja. Mengine ni ya majirani zangu huku Nkuhungu, mengine ya akina dada waliohamia Dom kikazi wakakuta nazi bei juu na maharage hayaivi, mengine ya kina baba wanaobaki na watoto wikiendi. Mi napikia watu watano, mkubwa ana miaka tisa na mdogo ana mwaka na miezi minne, kwahiyo vipimo vyote humu ni vya familia ya watu watano, na kikombe ni kile cha chai cha kawaida, kama mililita 250 hivi.

## Ya kuanzia

Chakula cha kutuliza roho ndo kipi hasa, lazima kiwe na nyama?

Si lazima. Ni kile chakula ambacho mtoto amerudi shule kapigwa na upepo wa mwezi wa saba, unajua ule upepo wetu wa vumbi na baridi, akikiona kwenye sahani anakaa mwenyewe bila kuitwa mara tatu. Kwetu ni makande ya karanga, wali laini na mchuzi wa kuku, ugali na mlenda, viazi vya kuponda, uji wa moto. Ukiviangalia vyote ni laini, vina mafuta kidogo na vinaliwa vya moto, nyama inaongeza ladha tu, siku hamna nyama watoto hata hawaulizi kama karanga ipo.

Napika sufuria mbili kila siku, ya watoto na ya wakubwa, nachoka. Nyie mnafanyaje?

Sufuria moja jamani. Hili ndo jambo kubwa kuliko yote niliyoandika humu. Unapika bila pilipili, chumvi unaweka kidogo sana tu, chakula kikikaribia kuiva unachota cha watoto, cha mdogo unakiponda kwa uma au mwiko, afu kilichobaki ndo unaongeza chumvi, pilipili, ndimu na chochote wakubwa wanachopenda na kuacha kichemke dakika tano tena. Kwa mtoto ambaye hajafika mwaka, mchotee kabla hata ya ile chumvi ya kwanza, hahitaji chumvi wala sukari.

Faida yake si kupumzika tu. Mtoto akiona anakula kile kile anachokula baba na dada yake anazoea ladha ya nyumbani mapema, hafiki miaka mitatu akawa anataka chipsi peke yake. Kwahiyo kila pishi hapa chini nikisema "chota cha watoto" ujue ndo hapo.

Vitu gani visikose jikoni?

Karanga mbichi ulizochagua mwenyewe, mafuta ya alizeti, mchele, unga wa sembe au dona, maharage, kitunguu, nyanya, dagaa wakavu na mlenda mkavu wa unga. Hivi vyote unavipata soko la Majengo au la Sabasaba kwa mzunguko mmoja. Alizeti yetu na ya Singida ikikamuliwa kwenye mashine za mtaani inakuwa na harufu yake nzito na inawahi kutoa moshi ukiiunguza, ni nzuri sana kwa kukaangia kitunguu kwa moto wa wastani, ila kwa maandazi na vya kuchovya mi natumia iliyosafishwa. Iweke kabatini, ikikaa dirishani kwenye jua inavunda haraka.

Kwanini maharage yangu hayaivi tangu nihamie Dodoma?

Hili swali naulizwa na kila mgeni, na wengine wanadhani wameuziwa maharage mabovu. Sababu ziko tatu. Ya kwanza ni maji, maji ya visima vya huku mengi yana chumvichumvi, na maji ya namna hiyo yanafanya ganda la maharage ligome kulainika hata ukipika masaa manne. Ya pili ni umri wa maharage, yakishakaa ghalani mwaka yanakuwa magumu, na huwezi kuyajua kwa macho mpaka uwe umeshayapika. Ya tatu watu hawaijui, Dodoma iko juu, kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, kwahiyo maji yanachemka kwenye nyuzi kama 96 badala ya 100, ukitoka Dar utaona vitu vya kuchemsha vinachukua muda zaidi kidogo.

Cha kufanya, loweka usiku mzima, asubuhi mwaga yale maji ya kulowekea, pikia maji ya mvua au ya dukani kama unayo, usiweke nyanya wala ndimu mpaka yalainike kabisa kwasababu uchachu unayakaza. Presha kuka inamaliza kazi, dakika 30 mpaka 40 kwa yaliyolowekwa. Magadi yanasaidia kweli na mama zetu wameyatumia miaka yote, ila yanaua vitamini B1 na yakizidi maharage yanakuwa na ladha ya sabuni, kwahiyo mi nimeyaacha tangu ninunue presha, ukilazimika iwe ncha ya kijiko tu.

Na kingine, hasa yale mekundu, lazima yachemke kwa nguvu angalau dakika kumi, maharage mabichi yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha. Usiyaweke kwenye moto mdogo tangu mwanzo ukasema yataiva polepole.

## Mapishi yenyewe

Naomba makande ambayo watoto watayala.

Mahindi yaliyokobolewa vikombe viwili, maharage kikombe kimoja, loweka vyote usiku pamoja. Asubuhi mwaga maji, weka maji mapya mpaka yazidi juu kama vidole vitatu, presha dakika 45, au mkaa masaa mawili na nusu mpaka matatu huku ukiongeza maji ya moto, usiongeze ya baridi. Pembeni kaanga kitunguu kimoja na karoti mbili ulizokwaruza kwa vijiko vitatu vya alizeti, weka nyanya mbili, zikishalainika mimina kwenye makande.

Sasa ujanja uko kwenye karanga. Chukua kikombe cha karanga ulizokaanga na kusaga, koroga na maji ya vuguvugu mpaka iwe kama uji mwepesi usio na mabonge, mimina, punguza moto, koroga mpaka chini manake karanga inashika haraka sana, dakika kumi na tano. Inatakiwa makande yawe na urojo, yasiwe makavu kama yale ya shule za bweni. Watoto wengi hawayapendi makande kwasababu walipewa makavu, ukiyafanya yawe na mchuzi mzito wa karanga wanaomba waongezewe.

Chota cha watoto, cha wa chini ya miaka miwili ponda, ile punje ya hindi ni ngumu kwake. Wakubwa ongezeeni chumvi na pilipili. Kiporo cha asubuhi na chai ni kitamu kuliko jana yake, ila soma kwanza swali la kiporo.

Mlenda naupikaje? Mi si Mgogo na mume wangu anautaka.

Karibu sana, utaupenda. Mlenda mkavu wa unga ndo rahisi. Chemsha maji vikombe viwili na nyanya moja uliyokatakata na kitunguu kidogo, nyanya ikishaiva chukua vijiko vitatu vya chakula vya unga wa mlenda, nyunyiza kidogo kidogo kwa mkono mmoja huku mkono mwingine unapekecha kwa upekecho. Ukimwaga wote kwa pamoja unapata mabonge na hayaachii tena. Usifunike, unafoka unazima jiko lote. Dakika saba zinatosha, afu weka karanga iliyosagwa vijiko vitatu vilivyojaa, punguza moto, dakika kumi na tano tena.

Wengine wanaweka magadi ili uvutike zaidi, mi siweki, huu mkavu unavutika wenyewe. Kwa mtoto mdogo mlenda ni chakula cha ajabu, tonge la ugali likichovywa linateleza lenyewe hata kwa mtoto ambaye ndo anaota meno na fizi zinamuuma. Mwanangu wa mwisho alivyokataa kila kitu ana miezi kumi alikuwa anakula ugali laini na mlenda tu kwa wiki nzima na nilishukuru Mungu.

Kama unatumia mbichi, iwe bamia, majani ya maboga au majani ya mlenda wenyewe, kata ndogo ndogo, maji kikombe kimoja tu kwasababu majani yana maji yake, mengine fanya hivyo hivyo.

Mapishi mengi yanasema tui la nazi, huku nazi bei juu na nyingine zimeshavunda. Naweka nini?

Karanga. Nazi inakuja huku kutoka Pwani na Tanga, inafika imechoka na imepanda bei, wakati karanga inalimwa hapa hapa Kongwa, Mpwapwa, Chamwino. Nusu kikombe cha karanga iliyosagwa laini ikikorogwa kwenye vikombe viwili vya maji ya vuguvugu inakaa mahali pa tui kwenye mchicha, matembele, maharage, dagaa, samaki wa kukausha, hata ndizi za kupika. Tofauti ni mbili tu, karanga inataka kuiva angalau dakika kumi na tano la sivyo inabaki na ubichi unaokwaruza koo, na inataka kukorogwa.

Kwenye wali haifai, wali unashikana. Wali pika wa mafuta tu, utamu uwe kwenye mboga. Kama kuna mtu nyumbani karanga inamdhuru nenda mwishoni.

Wali laini na mchuzi wa kuku, kuku wa kienyeji anachukua muda gani?

Kienyeji mkubwa presha dakika 35 mpaka 40, bila presha saa moja na nusu au zaidi, wa kisasa dakika 30 bila presha. Mchemshe na kitunguu, tangawizi kipande, kitunguu swaumu punje tatu na viazi mviringo vinne. Viazi vikiiva toa viwili, ponda, rudisha, mchuzi unakuwa mzito bila kuweka unga wala viungo vya paketi. Karoti zikatwe vipande laini vya kushikwa mkononi na mtoto.

Wali wa watoto weka maji zaidi, kwa kikombe kimoja cha mchele maji vikombe viwili na nusu mpaka vitatu uwe bokoboko, na ukiwa mchele mpya wa mavuno, kama ule wa Bahi ukitoka shamba, punguza maji, mchele mpya hauhitaji maji mengi. Wakubwa hawapendi bokoboko najua, kwahiyo pika wa kawaida, ukikaribia kukauka chota cha mdogo weka kwenye kisufuria kidogo na supu ya kuku upondeke humo. Bado ni pishi moja.

Mifupa midogo ya kuku angalia sana, nyambua nyama kwa vidole vyako, usiamini macho.

Natoka kazini Mtumba saa kumi na moja, nafika nyumbani watoto wanalia njaa. Napika nini haraka?

Viazi na nyama ya kusaga. Chemsha viazi mviringo kilo moja vilivyokatwa vidogo, dakika kumi na tano. Wakati vinachemka kaanga kitunguu, weka nyama ya kusaga robo kilo, nyanya tatu, karoti moja iliyokwaruzwa, ikauke. Ponda viazi na maziwa nusu kikombe na mafuta kijiko, weka nyama juu. Nusu saa mmekula.

Siku hamna nyama weka mayai, au maharage ya kiporo yaliyopondwa. Na siku umechoka kabisa kabisa chapati za maji, angalia swali linalofuata, hakuna aibu kula chapati za maji usiku. Na Jumapili ukiwa na nguvu chemsha maharage mengi, gawa kwenye makopo, gandisha, wiki nzima unaunga tu. Kwa sisi wa kufanya kazi mbali na nyumbani hilo peke yake linabadilisha maisha ya jioni.

Chapati za maji zangu zinang'ang'ania kwenye kikaango.

Kikaango hakijapata moto wa kutosha, au umegeuza mapema. Unga wa ngano vikombe viwili, mayai mawili, maji au maziwa vikombe viwili na nusu, chumvi kidogo, sukari kijiko kimoja ukipenda. Koroga, acha itulie dakika kumi na tano, hapo usiruke. Paka mafuta kidogo, mimina upawa mmoja, subiri juu pakauke na kingo zianze kunyanyuka zenyewe ndo ugeuze. Ya kwanza huwa inaharibika kwa kila mtu, ile anakula mpishi.

Mi naweka boga lililochemshwa na kupondwa kikombe kimoja na napunguza maji kikombe kimoja, zinakuwa za njano na tamu hata bila sukari. Viazi lishe, vile vitamu vya rangi ya chungwa, vinafaa vile vile, na ndizi mbivu ya kupitiliza pia.

## Uji na watoto chini ya miaka miwili

Uji wa lishe unachanganya nafaka ngapi?

Moja. Najua sokoni wanauza mchanganyiko wa vitu kumi na mbili, mahindi, ngano, soya, mchele, karanga, maharage, yani kila kitu, lakini vitu kumi na mbili kwenye mfuko mmoja haviivi kwa muda mmoja. Soya na maharage mabichi yakisagwa humo yanataka kuiva muda mrefu kuliko watu wanavyopika uji, mtoto anavimbiwa, na karanga ikisagwa na unga ikakaa mwezi mafuta yake yanachacha uji unakuwa mchungu.

Chukua unga wa nafaka moja, ulezi au uwele au mahindi, pika uive dakika ishirini, afu weka karanga iliyosagwa siku hiyo hiyo ichemke nayo dakika kumi na tano, au maziwa, au yai ulikoroge ndani likiwa linachemka mpaka liive. Kesho badilisha. Mtoto anapata aina nyingi ndani ya wiki, si lazima ndani ya kikombe kimoja. Na haya yote ni baada ya miezi sita, kabla ya hapo ni ziwa la mama tu, hata maji hapana.

Uji mzito hamezi, mwepesi hashibi. Nifanyeje?

Kimea. Hii ni elimu ya zamani, ndo ile ile ya pombe za kienyeji, ila hapa hatutengenezi pombe. Loweka uwele au ulezi usiku mmoja, mwaga maji, funika na kitambaa chenye unyevu siku mbili tatu mpaka uchipue, anika ukauke vizuri, sugua vichipukizi vitoke, saga. Ukisikia harufu ya ukungu mwaga wote usihurumie. Pika uji mzito kabisa unaosimama kwenye kijiko, epua upoe kidogo uwe wa moto wa kuvumilika, weka kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea, koroga. Ndani ya dakika chache unalegea wenyewe unakuwa wa kunyweka bila kuongeza maji, yani chakula kiko kile kile ila kinapita. Rudisha jikoni uchemke tena dakika tano, hili muhimu. Ukiweka kimea kwenye uji unaochemka hakifanyi kazi, moto unakiua.

Vitu gani mtoto mdogo asipewe kabisa?

Asali kabla ya mwaka mmoja, hata kama ni ya Singida safi kabisa na bibi amesisitiza, inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kupambana navyo. Maziwa ya ng'ombe kama kinywaji chake kikuu kabla ya mwaka, hapana, kidogo ndani ya chakula sawa. Karanga nzima kabla ya miaka mitano hapana, saga. Zabibu zetu msimu wake ukifika kila nyumba zipo mezani, kata kwa urefu vipande vinne, zabibu nzima inaziba koo la mtoto kama kizibo. Samaki wa bwawa la Mtera watamu sana ila mnyambulie wewe, perege ana miiba.

## Unga, karanga na viporo

Sumukuvu ni nini na kwanini mnaiongelea sana huku?

Ni sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye mahindi na karanga ambazo hazikukaushwa vizuri au zilipata unyevu. Mwaka 2016 watu wa mkoa wetu wa Dodoma na wenzetu wa Manyara waliugua na wengine wakafariki kwa kula mahindi yenye sumu hii, kwahiyo si hadithi ya mbali. Inaharibu ini, na kwa watoto ni mbaya zaidi kwasababu wanakula uji wa mahindi na karanga kila siku na miili yao ni midogo.

Kibaya ni kwamba kupika hakuiondoi. Kukaanga karanga hakuiondoi. Kinachosaidia ni mkono wako kabla ya mashine: mwaga karanga kwenye ungo, toa zote zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizopasuka, zenye ukungu, na zile ukitafuna moja ni chungu. Usinunue karanga iliyokwisha kusagwa sokoni kama humjui aliyesaga. Mahindi chagua hivyo hivyo, na yakikobolewa kabla ya kusagwa sumu inapungua kwasababu nyingi iko kwenye ganda na kiini. Hapa ndo najua watu wa dona mtaninunia, mi mwenyewe napenda dona, nalisaga kwa mahindi niliyoyachagua na kuyajua yalikokaa, nikikosa hayo nanunua sembe. Hizo punje mbovu usiwape kuku, mayai na nyama vinarudi kwako. Chimbia.

Unga wa uwele unakuwa mchungu baada ya wiki mbili, nimeibiwa?

Hujaibiwa. Uwele una mafuta mengi kuliko mahindi na ukishasagwa yanachacha haraka. Nunua punje, saga kilo moja moja, weka mahali pa baridi. Kwa ugali wa watoto changanya nusu uwele nusu sembe, unakuwa laini na hauna ule ukali.

Kiporo cha wali kinakaa muda gani?

Kisikae mezani usiku. Wali ukikaa na uvuguvugu unazalisha vijidudu ambavyo hata ukipasha sumu yake inabaki. Ndani ya saa moja mpaka mawili tandaza kwenye sahani upoe haraka, funika, friji, ule kesho, upashwe mpaka utoe mvuke kote. Hauna friji? Pika wa kutosha tu usiku huo. Makande na maharage bila friji, yachemshe usiku kabla ya kulala, usiyafunue wala kuyachota kwa kijiko kichafu, yachemshe tena asubuhi na mapema, na miezi ya joto kama wa kumi na wa kumi na moja mi hata hivyo siwapi watoto.

## Watoto wanaosumbua kula

Mtoto wangu anakataa mboga zote za majani.

Usimlazimishe na usiache kupika. Weka kijiko kimoja kwenye sahani yake kila siku, akiacha acha, wengine wanachukua hata mara kumi na kitu ndo waonje. Kata mchicha mwembamba sana uweke kwenye mchuzi wa karanga au ndani ya yai la kukaanga. Kingine, mpe kazi. Wanangu wakichambua mchicha wenyewe kwenye ungo wanaula, siwezi kueleza kwanini ila ni hivyo.

Chai na chakula ina shida gani? Sisi tumekunywa tangu utoto.

Majani ya chai yanazuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga. Mtoto anakula vizuri afu damu inabaki ndogo. Mpe chai saa moja baada ya chakula, au mpe ya tangawizi bila majani. Badala yake weka kitu chenye uchachu mlo ule ule, ndimu, chungwa, au juisi ya ubuyu ambayo huku mibuyu imejaa, loweka unga wa ubuyu wenyewe usio na rangi, chuja, sukari kidogo. Vitamini C yake inasaidia hayo madini yaingie. Ule ubuyu mwekundu wa pipi si wa kazi hii.

Nimfungie nini cha shule?

Chapati za maji zenye boga, viazi vitamu vya kuchemsha, yai lililoiva kabisa, ndizi. Hotpoti ya makande kama shule inaruhusu, iweke maji ya moto kwanza dakika tano ndo umwage uweke chakula.

## Hali za pekee

Karanga inamdhuru mwanangu, kila pishi humu lina karanga.

Kama alivimba midomo, kutoka vipele au kupumua kwa shida baada ya karanga, usimjaribishe tena nyumbani, nenda hospitali waseme wao. Kupumua kwa shida ni ya kukimbia saa hiyo hiyo. Kwenye mapishi weka maziwa ya mgando yaliyopigwa mwisho kabisa moto ukiwa mdogo, au boga lililopondwa kuleta uzito, au siku hiyo nunua nazi. Na mwambie mwalimu na dada wa kazi, na jirani pia, huku mtoto wa jirani anapewa mlenda bila kuuliza.

Anaharisha, nimpe uji mwepesi tu?

Anahitaji maji ya ORS, ile dawa ya paketi ya kuchanganya na maji, na zinki, na ziwa kama bado ananyonya. Chakula usimnyime, mpe kidogo kidogo mara nyingi, wali laini na supu, viazi vya kuponda, ndizi mbivu, uji uliolegezwa kwa kimea. Damu kwenye choo, macho kuingia ndani, kulegea au kutapika kila kitu, hapo jikoni hamna dawa, peleka.

Nimezidisha chumvi kwenye sufuria nzima.

Usiwape watoto hivyo hivyo. Kile kipande cha kiazi mbichi wanachosema kinafyonza chumvi hakifanyi kitu cha maana, ongeza maji na chakula kisicho na chumvi, maharage mengine, viazi, karanga, mpaka ionje sawa. Ndo maana nasema chota mapema.

Gesi imeisha maharage yako nusu, duka limefungwa.

Kama yalishachemka kwa nguvu zaidi ya dakika kumi, funika sufuria vizuri ikiwa bado inatokota, ifunge kwa kanga mbili afu blanketi, iweke kwenye beseni au boksi lenye mito pande zote, usiifunue masaa matatu. Joto linaendelea kupika lenyewe. Nishawahi kuivisha maharage hivyo usiku wa mvua mwezi wa pili na mkaa wote umelowa, yalitoka laini, nikayachemsha tena asubuhi kwa jirani kabla ya kuwapa watoto. Kama yalikuwa hayajachemka, yamwagie maji mapya ya baridi, weka friji kama lipo, pika kesho, usiku huo wape wali au mkate na yai kutoka kwa mama ntilie wa karibu.